Usiseme Hana Maziwa



Alhamisi moja jioni, hapa Daudi, niliandika sentensi fupi ubaoni. Niliandika: "Mama ana maziwa." Ilikuwa sentensi ya kusoma tu. Nilitaka wanakisomo wapya waizoee herufi M na herufi Z. Darasa lilisoma kwa sauti moja. Kisha mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Si wote, mwalimu. Mimi sikuwa nayo."

Darasa likanyamaza. Mama huyo bado ni kijana. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mgongoni, amefunikwa blanketi kwa sababu ya baridi. Alitueleza kwamba siku ya tatu baada ya kujifungua, mama mkwe wake alimtazama, akasema, "Huyu hana maziwa." Tangu siku hiyo mtoto akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Baba wa mtoto hakusema neno. Alikamua ng'ombe tu, akaleta maziwa.

Siku hiyo hatukurudi tena kwenye herufi M wala Z. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Ndipo kila mtu akakumbuka ng'ombe wake na moto wake.

Nimeandika maneno haya kwa sababu ya mazungumzo yale. Ni maoni yangu mimi, afisa wa elimu ya watu wazima. Mimi si daktari. Yale ya kitaalamu nimeyapata kwa wauguzi na katika vitabu vya afya, na mengine nimeyajua kwa mwili wangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami aseme darasani. Kisomo ni mahali pa kusema.

Maoni yangu ni haya. Wanawake wengi tunaowaambia kwamba hawana maziwa, wanayo. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha namna ya kunyonyesha, na nafasi ya kupumzika. Tunawahukumu siku ya tatu, wakati maziwa mengi bado hayajashuka. Tukishawahukumu, tunampa mtoto kitu kingine. Mtoto akishiba kitu kingine, hanyonyi. Asiponyonya, maziwa hupungua kweli. Halafu tunasema, "Mmeona? Tulisema hana maziwa."

Mimi nami nilihukumiwa hivyo.

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza nilikuwa tayari na cheti cha elimu ya watu wazima. Nilikuwa nimesimama mara nyingi mbele ya kina mama nikiwasomea habari za lishe. Nilijua kuandika neno "nyonyesha". Sikujua kunyonyesha. Nilidhani ni jambo linalokuja lenyewe, kama kupumua.

Nilijifungulia katika kituo kimoja cha afya, mbali na hapa. Wauguzi walikuwa wawili, na wazazi tulikuwa wengi. Usiku ule nilitokwa na damu nyingi, nao wakaizuia. Nawashukuru mpaka leo, kwani bila wao nisingekuwa naandika. Lakini hakuna aliyekaa nami hata kidogo kunionyesha namna ya kumshika mtoto. Kesho yake mchana niliruhusiwa kwenda nyumbani.

Usiku wa kwanza nyumbani mtoto alilia. Nilimpa chuchu. Aliivuta kidogo, akaiacha, akalia tena. Siku ya pili chuchu zilianza kupasuka. Siku ya tatu matiti yalijaa, yakawa magumu kama jiwe, nikapata homa. Kila mtoto alipofungua mdomo nilikunja vidole vya miguu kwa maumivu. Nikaanza kuogopa kilio chake. Nasema jambo hili wazi, kwa sababu najua wapo kina mama wanaosoma hapa waliowahi kuogopa kilio cha mtoto wao, wakaona haya kusema. Si ubaya wa moyo. Ni maumivu na uchovu.

Siku ya nne shangazi yangu akasema, "Mwanangu, huna maziwa. Tumpe mtoto kitu asife." Alisema kwa upendo. Nikakubali mara moja, na nilifurahi kukubali. Mtoto akapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, katika chupa. Akanyamaza, akalala. Nyumba nzima ikafurahi.

Wiki ya tatu akaanza kuharisha. Kwa siku mbili macho yake yalizama ndani, na ule utosi wa kichwani ukabonyea. Alilia bila machozi. Tulimkimbiza hospitali. Walimpa maji yenye chumvichumvi, kidogo kidogo kwa kijiko, usiku kucha, hata akaanza kukojoa tena. Mtoto huyo leo yuko shuleni na anapenda mpira. Lakini katika wodi ile wapo waliorudi nyumbani na blanketi tupu.

Asubuhi alikuja muuguzi mmoja wa makamo. Akaketi juu ya kitanda changu, jambo ambalo nadhani hawaruhusiwi. Akaniambia, "Nionyeshe unavyomnyonyesha." Nikamwonyesha. Akacheka kidogo, akasema, "Unampelekea mtoto titi kama unamlisha kijiko. Acha. Mlete mtoto kwenye titi."

Akanionyesha hivi. Alimgeuza mtoto wangu mwili mzima, tumbo lake likagusana na tumbo langu. Kichwa, shingo na mgongo vikawa katika mstari mmoja. Akagusa mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu, akangoja. Mtoto akapanua mdomo sana, kama anayepiga mwayo. Hapo akamsogeza haraka. Mdomo ukashika chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Kidevu kikagusa titi. Mdomo wa chini ukapinduka kwa nje. Nikasubiri maumivu, yakawa kidogo tu, kisha yakapita. Nikasikia mtoto anameza.

Kwa wiki 3 nilikuwa nimemnyonyesha chuchu tupu. Chuchu tupu haitoi maziwa, hutoa vidonda.

Muuguzi yule aliniambia nimnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku, na kupunguza maziwa ya kikombe kidogo kidogo huku akimpima uzito. Chupa aliniambia niiache kabisa. Ilichukua zaidi ya wiki moja. Maziwa yalirudi. Mimi niliyehukumiwa kuwa sina maziwa nilimnyonyesha mtoto yule mpaka akapita miaka 2.

Sasa turudi kwetu. Watu wa Mbulu wanajua ng'ombe kuliko mimi. Kwa hiyo nitauliza habari za ng'ombe, na kina mama mtanisamehe. Nilipouliza maswali haya darasani, wanawake walicheka na wanaume wakajibu kwa haraka sana, kama watu waliokuwa wakingoja kuulizwa.

Ng'ombe akizaa, maziwa ya kwanza huwa namna gani? Ni mazito na ya njano. Tunayaita dang'a. Je, ndama akinyimwa dang'a? Mzee mmoja alijibu, "Huyo hudhoofika. Mara nyingi hufa." Vizuri. Basi mwanamke naye ana dang'a. Ni kidogo, mazito, ya njano. Hutoka siku za kwanza, kabla ya maziwa meupe kushuka. Wengi huyadharau. Wengine huyaona machafu, wakayakamua na kuyamwaga, kisha wakampa mtoto maji ya sukari. Mfugaji hawezi kumnyima ndama wake dang'a, lakini mtoto wake mwenyewe ananyimwa. Dang'a ya mama ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo sana. Siku ya kwanza vijiko vichache vya chai vyamtosha kwa kila mnyonyo. Hahitaji kibuyu.

Swali la pili. Ng'ombe wetu wa kienyeji hukamuliwaje? Ndama huletwa kwanza. Ananyonya kidogo, ndipo ng'ombe anaachia maziwa. Ndama akiondolewa, ng'ombe wengi huyazuia. Kwa mwanamke ni vilevile. Kunyonya kwa mtoto ndiko kunakoita maziwa. Titi si kibuyu kilichojazwa tangu zamani ambacho kikimiminwa kinaisha. Linafanana zaidi na chemchemi. Mtoto akinyonya mara nyingi, mwili hutengeneza mengi. Akinyonya mara chache kwa sababu amejazwa uji au maziwa ya ng'ombe, mwili hutengeneza machache.

Swali la tatu. Nani hapa Daudi anamkamua ng'ombe huku akimpigia kelele na kumtisha kwa fimbo? Hakuna. Kila mmoja anajua kwamba ng'ombe aliyeshtuka hayaachii maziwa. Mnamsemesha, mnampapasa, wengine mnamwimbia. Basi niambieni, kwa nini mwanamke aliyejifungua juzi anazungukwa na watu watano wanaomwambia kwamba mtoto atakufa kwa njaa kwa sababu yake? Hofu, maumivu na matusi huzuia maziwa yasitoke. Jambo hili linajulikana na wataalamu, nanyi mlilijua zamani zizini.

Baada ya swali hilo wanaume hawakujibu kwa haraka.

Bibi mmoja akainua mkono. Ni mwanakisomo wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote, na husoma bila miwani. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, nimekusikia. Lakini mimi nililea watoto 8 kwa maziwa ya ng'ombe na uji, nao wako hai. Mmoja ana gari." Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kisha nikamwuliza kwa heshima, "Bibi, ulizaa wangapi?" Akakaa kimya. Akasema, "Kumi na mmoja."

Sikusema kitu. Sisemi kwamba watoto wale watatu walikufa kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe. Hakuna anayejua, na zamani magonjwa yalikuwa mengi na zahanati zilikuwa chache. Hata Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, na kufika huko kwa miguu si jambo la mchezo. Ninachosema ni kwamba maziwa ya ng'ombe yametengenezwa kwa ajili ya ndama. Ni mazito mno kwa tumbo na figo za mtoto mchanga, nayo hayampi damu ya kutosha. Tukiyaongeza maji, tunaongeza na uchafu wa maji, wa kikombe na wa mikono. Chupa ni mbaya zaidi. Ile shingo na ile chuchu ya mpira haisafishiki kwa urahisi katika nyumba ambayo maji huletwa kwa ndoo.

Wengine husema mtoto lazima apewe maji kwa sababu ana kiu. Ndani ya maziwa ya mama mna maji ya kutosha. Hiyo ni kweli hata katika nchi za joto kali, sembuse huku kwetu ambako mwezi wa Juni na Julai ukungu haundoki mpaka saa nne asubuhi. Kinachohitajika hapa ni joto. Mtoto avuliwe, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe blanketi. Akiwa hapo atatafuta titi mwenyewe. Na mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Jambo hilo humsaidia mama pia, kwa sababu mtoto anaponyonya, kizazi hujikaza na damu hupungua.

Nataka kusema kidogo juu ya miezi, maana hapa pana ugomvi katika nyumba nyingi. Kina mama waliohudhuria kliniki miaka ya 1990 waliambiwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 4 hadi 6. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 kamili. Ndiyo sababu mama mkwe anasema nne na mkwe wake anasema sita. Wote wawili walisikia vizuri, ila walifundishwa nyakati tofauti. Fuateni sita. Baada ya hapo mtoto apewe vyakula vingine laini, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Nchi yetu imesogea. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miezi 6, watoto 50 walipewa maziwa ya mama pekee. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 64. Ni hatua. Lakini toa 64 katika 100. Hesabu hiyo tumejifunza. Wanabaki 36, na wengi wao wana mama mwenye maziwa.

Watu wa mijini huzungumza sana juu ya maziwa ya kopo. Serikali ilitunga kanuni mwaka 1994, ikazitunga upya mwaka 2013, ili wenye biashara wasiyatangaze maziwa hayo kana kwamba ni bora kuliko ya mama. Ni kanuni nzuri. Lakini hapa kwetu hakuna anayetangaza kopo. Hapa kishawishi kiko nyuma ya nyumba, kina pembe na mkia. Hakuna kanuni ya serikali itakayomzuia bibi asichukue kikombe kwenda zizini saa nane za usiku. Atazuiwa na kujua tu. Na bibi ndiye anayeamka usiku. Kwa hiyo nakataa tabia ya baadhi yetu watumishi ya kuwasema bibi kama wajinga. Bibi ndiye anayempa mzazi uji wa ulezi. Ndiye anayemkanda. Ndiye anayemkataza kutoka nje kwenye baridi. Hizo ni mila bora, nami nisingependa zife. Tukimfundisha msichana peke yake bila kumwita bibi, tumefanya kazi bure. Msichana wa miaka 19 hawezi kubishana na mama mkwe wake usiku, huku mtoto analia.

Na baba? Hapa nitasema kwa ukali kidogo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Akizaa pacha anapata siku 100. Akirudi kazini, mwajiri ampe nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa 2 kwa siku. Mimi nilipata likizo hiyo. Mshahara wangu haukukatwa. Lakini mwanamke anayelima mahindi na maharagwe hapa Daudi ameajiriwa na nani? Likizo yake inatoka kwa nani? Inatoka kwa mume wake na majirani. Wasipompa, hana.

Nimeona mwanamke aliyejifungua siku 9 zilizopita akipanda kilima na ndoo ya lita 20 kichwani. Mtoto ameachwa ndani na dada mdogo. Mtoto akilia, dada atafanya nini? Atampa uji. Mama akirudi, matiti yamejaa na yanauma, na mtoto amelala kwa shibe ya uji. Hapo maziwa yanaanza kukauka, na wiki ijayo tutasikia kwamba huyu hana maziwa. Mume wake nilimkuta njiani siku hiyo hiyo. Tulisalimiana vizuri. Alikuwa hana mzigo wowote.

Mwanamume mmoja darasani alisema, "Mwalimu, mwanamume kuchota maji ni aibu." Nikamwuliza ikiwa ni aibu pia kumnywesha ndama kwa ndoo. Akasema hapana, hiyo ni mifugo. Sikuongeza neno.

Wazee wetu walifanya makubwa kuliko kuchota maji. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini katika kazi yetu habari zake hufundishwa mpaka leo. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Walifyeka majani, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Wengi wao walikuwa wamejua kusoma muda mfupi tu kabla ya hapo, kama ninyi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kama darasa la kisomo liliweza kuchimba choo, haliwezi kushindwa kumchotea mzazi maji kwa siku 40.

Kuna mtu mwingine ambaye sikutaka kumsahau. Ni msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Wazee wa hapa wanajua kwamba zamani msichana huyo alitengwa, akafukuzwa nyumbani, kwa kuogopa kwamba ataleta mkosi. Siku hizi hafukuzwi kama zamani. Lakini mara nyingi hakuna anayeketi naye. Anajifungua, anarudishwa chumba cha nyuma, na watu wanapita nje wakinyamaza. Yeye ndiye mwenye kuhitaji kuonyeshwa kuliko wote, kwa sababu ana aibu hata ya kuuliza. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Akirudi, anaweza kukamua maziwa kwa mkono asubuhi katika kikombe kisafi chenye kifuniko. Yakiwekwa mahali pa baridi, mbali na jua, hukaa vizuri kwa muda wa saa 4, na mtoto atanyweshwa kwa kikombe. Mtu wa nyumbani lazima akubali kumlea mtoto huyo mchana. Mtu huyo akiwa bibi yake mwenye hasira, hasira hiyo imwishie binti, isimfikie mtoto.

Mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, baada ya wengine kutoka, habari za mwenye virusi vya UKIMWI. Nilimjibu kama wauguzi wanavyofundisha. Ananyonyesha. Anatumia dawa zake kila siku bila kukosa, mtoto anapewa dawa za kinga, na wote wawili wanafuata tarehe za kliniki. Kwa huyo ni muhimu zaidi kwamba mtoto asichanganyiwe maziwa ya mama na vitu vingine katika miezi 6 ya kwanza. Nilifurahi kwamba aliuliza.

Sasa, mtajuaje kama mtoto anashiba? Si kwa kilio. Mtoto hulia kwa baridi, kwa mkojo, kwa usingizi, na kwa kutaka tu kubebwa. Tazameni vitambaa vyake. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake si wa njano kali. Kisha tazameni mizani ya kliniki. Siku za mwanzo watoto wengi hupungua uzito kidogo. Msishtuke. Baada ya wiki 2 hivi wanakuwa wameurudia ule wa kuzaliwa, kisha wanapanda. Leteni kadi ya kliniki darasani, tutasoma mstari wake pamoja. Ni somo zuri kuliko sentensi zangu za ubaoni.

Matiti yakijaa na kuuma, dawa ni kunyonyesha zaidi, si kupumzisha titi. Kamua kidogo kwanza ili weusi ulainike, mtoto apate kushika. Chuchu ikipasuka, rekebisha namna mtoto anavyoshika, kisha pakaa maziwa yako mwenyewe, yaache yakauke. Titi likiwa jekundu, lina moto, nawe una homa, nenda zahanati, na usiache kunyonyesha.

Wako wanawake wachache ambao kweli maziwa yao hayatoshi, hata wakisaidiwa vizuri. Wapo. Huyo asilaumiwe, na watu wasimfanyie uganga nyumbani. Apelekwe kwa wataalamu, wamwelekeze la kumpa mtoto. Na mtoto mchanga akikataa kunyonya kabisa, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipumua kwa shida, akidegedege, au akiwa wa manjano mpaka nyayoni, msimngoje mtu aliye shambani arudi. Pelekeni mtoto hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Yule mama kijana aliyekaa karibu na mlango alinipeleka kwao Jumamosi iliyofuata. Mtoto wake alikuwa na wiki 6. Mama mkwe wake alinikaribisha kwa chai, akanitazama kwa jicho la pembeni. Nilimwomba yeye, si mkwe wake, amshike mtoto. Nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa mimi: tumbo kwa tumbo, mdomo upanuke, mlete mtoto kwenye titi. Mama mkwe ndiye aliyemsogeza mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto alisumbua, akaacha, akarudi. Mara ya nne akashika. Tulikaa kimya. Ikasikika akimeza. Yule mama mkwe akasema, "Kumbe anayo," kisha akaenda nje kuchochea moto.

Sitaki kuwadanganya kwamba yamekwisha. Mpaka leo mtoto yule bado anapewa maziwa kidogo kwa kikombe, si kwa chupa, nayo yanapunguzwa wiki kwa wiki, muuguzi wa zahanati akimpima.

Darasani tumeafikiana jambo moja. Katika kitongoji cha juu yuko msichana atakayejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi ujao, naye hana mume. Bibi yetu wa watoto 11 amesema atalala huko usiku saba za mwanzo, na kwamba hatabeba kikombe. Maji na kuni vitapelekwa kwa zamu. Orodha ya zamu imeandikwa na wanakisomo wenyewe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio. Majina ni 14, na 6 kati ya hayo ni ya wanaume. Jina la kwanza katika wanaume hao limeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda kidogo. Ni la yule aliyesema kuchota maji ni aibu. Amechagua zamu ya alfajiri, kabla watu hawajaamka.